Kamatete

Waliokipa kijito jina hili waliyaona matete.
Mimi nilikuta jina tu,
na maji ya rangi ya chai iliyolala,
kandambili moja ya mguu wa kushoto,
mfuko wa saruji ulioganda
kama mtu aliyeinama akasahau kuinuka.

Nianze na langu kabla hamjaniuliza.
Miaka minne niliosha mawe hapa.
Tulishuka kutoka Ruashi na magunia mgongoni,
tukachekecha mpaka kijani kibaki mikononi
na tope liende zake.
Liende wapi? Hatukuuliza.
Tope halilipi nauli, tulisema, tukacheka.
Matete yalituzibia njia.
Tukayafyeka asubuhi moja,
watu sita, mapanga matatu,
hata jasho halikututoka vizuri.

Sasa nalipwa kwa siku niyarudishe.
Pesa nusu ya zile,
mgongo ni uleule.

Mama Mwenze, mwenye sombe na lengalenga
ng'ambo ya daraja la magogo,
siku ya kwanza hakunipa mkono.
"Wewe nakujua. Ulikula ukingo wangu.
Nilikuwa na matuta kumi na moja.
Hesabu."
Nikahesabu. Manane.
Mengine matatu yalikuwa hewa,
na chini ya hewa, maji.

Agronomu Kabwita alikuja na vikaratasi vya kupimia,
akachovya, akatazama, akanyamaza.
Tukamwaga chokaa juu kule, penye chungu la mabaki ya mgodi.
Tukafunga fito mafungu mafungu, tukazilaza kwenye mmomonyoko,
tukazigongomea vigingi.
Mafunjo mbele, miguu majini.
Matete nyuma yao.
Mikuyu juu kabisa, mbali, kama watu wazima kwenye karamu ya watoto.
Ndivyo karatasi ya Kabwita ilivyosema.
Mama Mwenze aliisoma karatasi kwa mguu:
alivua kiatu, akakanyaga, akatikisa kichwa.
"Hapa maji yanageuka na hasira. Usipande.
Panda pale, yanapopata pumzi."

Hatukumsikia.
Mvua ya mwezi wa kumi na moja ilimsikia.
Usiku mmoja, miche mia mbili.
Nilikwenda kuiokota penye karavati, karibu na barabara kuu,
imelala juu ya chupa na mifuko,
mizizi yake myeupe, misafi,
imeoshwa vizuri kuliko jiwe lolote nililowahi kuosha.
Niliketi palepale.
Kwanza nilitaka kulia, halafu nikataka sigara,
halafu mbuzi wa mtu akaanza kula mche
nikainuka.

Tukapanda yanapopata pumzi.

Sitawadanganya: siyanywi.
Mtoto wangu namkataza kuchezea ndani,
na harufu, siku za jua kali, bado ina chuma.
Ila juzi niliona mfuko mweusi umenaswa kwenye matete,
na nyuma ya mfuko tope limetulia,
na juu ya tope nyayo ndogo za ndege, mbio mbio,
kama mtu aliyejaribu kalamu mpya.
Chura mmoja, sauti moja, usiku.
Nilimngoja wa pili amjibu.
Nikasinzia.

Asubuhi nikamkuta Mama Mwenze na kisu, katikati ya matete.
Moyo ukaniruka. Nikapiga kelele: Yanahesabiwa hayo!
Hakugeuka.
Alikata matatu, akayafuta kwa kanga,
akaenda kuyasimika kwenye maharagwe yake.
"Mto usiokopesha," alisema, "huo ni mtaro."

Sikuwa na jibu. Kabwita naye hakuwa nalo,
aliandika tu: *pungufu, matatu*.

Mwezi wa tatu, mvua zikielekea kuaga,
nilipita kwake na bidoni tupu
nikayahesabu matuta bila kuambiwa,
kutoka nyumbani kushuka ukingoni,
polepole, kwa kidole, kama mwanafunzi.

Manane
na nusu.